Nafsi ya Kwanza

Mama, nimeirudisha nyundo yako ya nyama.
Mpini una mkwaruzo mpya, samahani.
Siku mbili niliigonga juu ya kitabu cha jiografia
katika ukumbi wa michezo wa shule, hapa Erdenet,
nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
ndani harufu ya raba, ya soksi,
na mataifa kumi na tisa.

Mwenyekiti nilikuwa mimi.
Leo naweza kulitamka: mimi.
Kule ilikuwa marufuku.
Mjumbe hana mimi.
Ana “ujumbe wangu”, ana “serikali yetu”,
ana masikitiko makubwa yasiyo na mwenyewe.

Tai ni lazima. Dulguun alivaa ya baba yake,
ncha ikachovya supu.
Kibao juu ukitaka kusema.
Dakika moja na nusu, basi.
Kunong'ona hapana, andika kikaratasi,
Khongorzul atakipeleka
(alivisoma vyote njiani, tulijua;
cha Ufaransa kwenda Brazili kiliuliza: una chingamu?).
Hoja ya utaratibu humkata mtu kauli.
Hoja nyingine zote hupanga foleni.

Nchi zilitoka kwenye kofia ya mwalimu.
Dulguun akavuta taifa kubwa lenye moshi mwingi,
kesho yake akaamka anakohoa kiheshimiwa.
Maralmaa akavuta Tuvalu.
Maralmaa, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona
ni ziwa lililoganda, lori likipita juu.
“Bahari inanuka nini?” aliniuliza kwenye ngazi.
Nikamwambia, soma faili.

Akasoma. Akasimama, akatutajia milimita,
mwaka kwa mwaka, kwa sauti ya mtu
anayesoma karatasi ya dawa.
Dulguun akainua kibao:
“Ujumbe wangu unauliza. Mheshimiwa anajua
nchi kumponyoka mtu ni nini,
au anakisia?”
Kwa cheo chake, swali lilikuwa halali.

Maralmaa akaweka karatasi chini.
“Nilihesabu,” akasema.

Ni. Silabi nyembamba kama sindano.

“Nilihesabu kondoo mia mbili na kumi na mmoja.
Wengine walikufa wamesimama.
Baba akahesabu upya, nyuma yangu,
akitumaini nimekosea.
Tukafungasha hema, tukaja huku mlimani,
ambako nchi yetu inaishia kwenye ua wa mbao...”

Faili la Tuvalu halikuwa na kondoo.
Uswisi ikainua mkono: hoja ya utaratibu.
Norwei ikanitazama. Wote wakanitazama.
Nikagonga.
“Mjumbe arudi kwenye nafsi ya tatu.”

Ndivyo nilivyosema, mama, na kanuni zilinipa haki,
ukurasa wa sita, mstari wa juu kabisa.
Hakubisha. Alitazama saa ya ukutani, akasema,
kwa Kiswidi, kwa Kituvalu, kwa lugha ya barafu, sijui:
“Ujumbe wangu unakabidhi muda uliobaki kwa kiti.”
Akaketi.
Khongorzul aliandika: sekunde thelathini na moja.

Halafu tukapigania kitenzi saa nzima.
“Linataka”, au “linahimiza”?
“Linahimiza” likashinda, kumi na mbili kwa tano,
wawili hawakuegemea popote.
Tuvalu ilipiga kura ya ndiyo.
Dulguun akapewa cheti cha mjumbe bora,
nikamwona baadaye karibu na makoti,
tai mkononi, anamsubiri Maralmaa avae buti,
mdomo wazi, hajui aanzie na neno lipi
kati ya yote aliyoyazungumza tangu asubuhi.

Nyundo hiyo hapo, nimeiosha.
Ponda nyama yako.
Zile sekunde ninazo bado.
Kanuni zinasema kiti kikikabidhiwa muda
kiutumie kitakavyo,
nami kila nikifungua mdomo nizitumie
naanza na “ujumbe wangu”.