Ndoo ya Dirisha Namba Tatu

Juu ya kichwa cha Bi. Tekla, karani wa leseni,
kiyoyozi kinadondosha maji:
to, kisha kimya, kisha to,
ndani ya ndoo iliyowahi kubeba rangi ya ukuta.
Bomba lake limeziba. Nalisikia kutoka kwenye benchi.
Dakika kumi, pumzi moja ya pampu ya baiskeli.
Lakini sikuja kusikia.
Nimekuja kuandikwa.

Jina: Shaweji Chitwanga.
Kazi: majokofu, viyoyozi, vyumba vya barafu.
Makazi: Chikongola, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Uzoefu: miaka kumi na tisa.
"Cheti cha huo uzoefu?"
Namwonyesha kiganja.
Anakitazama kwa heshima, kweli,
kisha anasema kiganja hakigongwi muhuri.

Niseme nini? Kwamba kompresa
hunieleza ugonjwa wake kabla mwenye duka hajamaliza salamu?
Kwamba changu wa Mikindani walilala kwenye baridi yangu
wakafika Newala macho maangavu,
kama waliovuliwa huko huko mlimani?
Kwamba msimu wa korosho, wanunuzi wakijaa,
hakuna nyumba ya wageni isiyo na jina langu ukutani,
kwa penseli, chini ya swichi?

"Fomu haina sehemu ya hayo."
Ina sehemu ya darasa la miezi mitatu,
ya mtihani, wa kuandika na wa mikono,
ya mlipa kodi, ya bima,
ya mtambo wa kuvuta gesi kuukuu,
ambao bei yake ni pikipiki mbili.

Gesi kuukuu!
Mimi niliiachia. Sote tuliiachia.
Unafungua vali, inapiga mluzi,
unageuza uso, unahesabu hadi arobaini,
inakwenda zake kama mgeni asiyeaga.
Hapa kwetu neno gesi lina heshima:
ile ya Msimbati ina bomba, ina walinzi, ina wahandisi.
Yangu hii haikuwahi kuwa na mtu.

Nataka kusema hivyo. Nimeshafungua kinywa.
To, inasema ndoo.
Namkumbuka Osmundi.

Osmundi Likwena, tuliyegawana bisibisi moja,
hodari kuliko mimi, hodari kuliko karatasi,
alijaza jokofu la bucha gesi ya kupikia
kwa kuwa ile yenyewe haijafika kutoka Dar
na nyama haisubiri.
Likapoa. Likapoa vizuri mno.
Siku ya tatu mwenye bucha akawasha swichi.
Mwenye bucha yu hai.
Osmundi alikuwa ameinama kule nyuma, akisikiliza.
Alikuwa na sikio kama langu.
Sikio halina pua.

Pale Ligula walituuliza: nani alimfundisha?
Tukatazamana.
Alifundishwa na mimi.
Mimi nilifundishwa na jokofu.

Naichukua kalamu ya Bi. Tekla, imefungwa mezani kwa uzi.
Darasa: ndiyo.
Mtihani: ndiyo, hata huo wa kuandika.
Mtambo: nusu ya mikorosho ya Naliendele.
Mke wangu bado hajui.

Anagonga muhuri kwenye risiti ya maombi,
anainua macho darini, anashusha sauti:
"Fundi, na hiki je? Mwezi wa pili sasa kinatulilia."
Natazama ile kutu, lile tone linavyonenepa.
Vidole vinaniwasha.

"Mama, mimi sina leseni,"
nasema, na sijui kama nacheka.

Naisogeza ndoo kidogo, kushoto.
Maji yaliyokuwa yakipiga ukingo na kurukia mafaili
yanaingia katikati.
Hilo, nadhani, halina fomu.