Kitovu cha Antena

Svaneti, Aprili, theluji imeanza kuoza.
Lamzira akaniambia: "Usiione kama uyoga. Ni sikio."
Nikaitazama: sahani nyeupe, nzito kama mkate wa jana,
juu ya miguu mitatu, juu ya msumari wa shaba,
kwenye mfereji unaopita shamba la Geronti
kwenda kwa Ivlite,
ambao hawajaamkiana tangu ndama wa huyu
ale kabichi za yule.

"Inasikilia wapi?"
Akaigusa sahani, akaondoa kidole.
"Si hapa. Wala hapa. Ndani mna nukta
isiyo chuma wala plastiki.
Ipasue kwa msumeno, huioni.
Tena haitulii: setilaiti ikiwa utosini, iko hapa;
ikiinamia milima, imeshasogea
unene wa ukucha."

Huko maabara wameufuata mwendo wake, pembe kwa pembe,
wakaandika jedwali.
Ukitaja antena siyo, umevaa kiatu cha mwenzio,
na kiatu hicho kitakubana mlimani.

Mimi sikukosea jina. Nilikosea urefu.
Pale juu, mfereji unapoanzia, nilivuta futi kamba mshazari,
kutoka msumarini hadi ukingo wa sahani,
kisha nikaandika: wima.
Sentimita moja na nusu tu.
Usiku, kwenye hesabu zangu,
maji yalipanda mlima kwenda kwa Ivlite.

Geronti akacheka mpaka akakohoa.
"Nilisema! Hata maji hayamtaki!"

Lamzira hakucheka. Tukarudi alfajiri,
mshale wa antena tukauelekeza kaskazini,
tukasogea mbali na paa jipya la bati la Ivlite,
kwa kuwa bati hurudisha mwangwi,
na sikio halijui ipi sauti, upi mwangwi.
"Paa langu linasema uongo?" Ivlite akauliza.
"Linarudia tu, mama. Linachelewa kidogo."

Saa nne ikaanza mvua ya barafu.
Sisi tulikuwa tumejibanza garini na chai.
Tulipotoka, namba zilikuwa zimekatika, anga yote kimya:
Ivlite ameionea huruma ile mashine,
ameivika sufuria.

Maji yanateremka kwake, sentimita moja kasoro. Imeandikwa, imetiwa sahihi.
Na kwenye faili, kati ya saa nne na saa tano,
liko pengo la dakika ishirini na moja.
Sikulifuta. Pembeni, kwa penseli,
niliandika: sufuria.