Wa Kila Siku, Wa Siku Hiyo

Dada yangu Sundi humeza kidonge kila alfajiri
kabla jogoo wa Nyakato hajamaliza hoja yake.
Mimi nina sindano moja,
imelala kwenye friji la jirani, ubavuni mwa sato,
kwa kuwa langu liliungua umeme ulipocheza mwezi wa nne.

Tumerithi kwa baba mmoja
uvimbe usiowasha, usiosikia dawa ya mzio,
unaokuja kama magugu maji:
jioni maji meupe, asubuhi gati limefungwa.
Ulinikuta dirishani, kivuko cha Kamanga,
nikikata tiketi, mdomo ukajaa
mpaka abiria akauliza, "Yule dada wa jana yuko wapi?"
Tumboni nina mshono wa kidole tumbo
walichokitoa kikiwa kizima.
Na baba aling'olewa jino Jumanne.
Jumatano tulikuwa tunapokea rambirambi.

Sundi husema: magugu hung'olewa kila siku,
hata ziwa likiwa safi, hasa likiwa safi.
Husema kwa sauti nzito. Kidonge kimeishusha.
Kwaya imemhamishia upande wa wanaume,
anasimama kati ya fundi baiskeli na katekista,
kidevu amekinyoa.
Miezi kumi na minne, amevimba mara moja.
Kalenda yake ananionyesha kama cheti.

Mimi nahesabu vingine.
Mara sita kwa mwaka, basi siku mia tatu na hamsini ni zangu,
na sauti ni yangu, na kidevu.
Kinga ni bora kuliko tiba:
aliyesema hakuacha bei.

Ila nakiri, siku hizo si zangu zote.
Usiku nameza mate kulijaribu koo.
Ukerewe kwa shangazi sijalala tangu msiba,
maana friji la jirani halivuki maji.
Hofu hiyo nayo naimeza kila siku,
wala haijanipunguzia kitu.

Jumapili tukiparua samaki
Nyanjige wangu, miaka saba, aliingia
ameushika mkono wake kama mkate wa mtu mwingine.
"Niliruka kamba tu. Hauwashi, mama. Unabana."
Kisu cha Sundi kikasimama.
Hakusema nilikuambia.
Mkono hauui, tunajua, koo ndilo;
hata hivyo tulimkalisha, tukamwambia aongee,
aongee chochote, tumsikie sauti.

Akatuangalia kwa zamu.
"Mimi nitakuwa wa kila siku, kama mama mkubwa,
au wa siku hiyo, kama wewe?"

Magamba yalikuwa yametukaukia vidoleni.
Kesho tunapanda kilima cha Bugando, watatu.
"Endelea kuongea," nikamwambia.
Akaanza kuhesabu,
na Sundi, kwa sauti yake ya chini, akampokea kwenye nne.