Glavu Zote Mbili

Aita, najua mwanao amekwisha kukuambia:
mjomba kaogopa.
Kweli. Lakini sikiliza nilichokiogopa.

Tulitoka Plan Larsch kabla ya mapambazuko,
skii zikikwaruza theluji kama paka mlangoni,
kila mtu na redio yake ndogo kifuani, ya kwake na yangu zikiitana.
Nilizijaribu mara mbili. Akacheka.
Mbingu ilikuwa safi, bluu ya kumtia mtu wazimu,
na hilo, dada, ndilo la kwanza nililolichukia:
usiku kucha upepo ulikuwa ukihamisha theluji
kutoka ng'ambo ya mgongo wa mlima
na kuimwaga upande wetu,
polepole, kama mtu anayeficha deni.

Penye misonobari ya mwisho nilichimba shimo.
Riet alitazama saa.
Nikamwonyesha ukuta wake:
juu, theluji ya jana, nzito, imeshikana kama ubao;
chini yake, unene wa kidole tu,
punje za umande ulioganda tangu ile wiki kavu ya Januari,
zinang'aa, nzuri, hazishikani,
sukari iliyomwagika mezani
na juu ya sukari hiyo mtu kajenga nyumba.
Nikapiga koleo kwa kiganja. Pigo la tatu
ubao wote uliniteremkia mapajani.

"Shimo moja tu," akasema. "Huko juu huenda ni tofauti."
Huenda.
Neno hilo lina makaburi yake.

Tukapanda hatua sitini zaidi, kwa ajili yake.
Ndipo ardhi nyeupe ikaguna chini yetu,
vuum,
gunia la nafaka likitupwa chumba cha chini,
na ufa mwembamba ukakimbia mbele ya ncha za skii zake
hadi kwenye jiwe, ukakoma.
Kimya kingi kina mshindo mkuu:
aliyesema hivyo hakuwahi kusimama pale,
lakini alipajua.

Mbele yetu mteremko wa nyuzi thelathini na nane,
laini, hauna hata alama ya sungura,
na chini yake korongo jembamba
ambamo theluji kidogo hugeuka kina cha mita nne.
Nilimchimba Duri mahali kama hapo, unakumbuka.
Dakika thelathini na tano.
Ufito ulipomgusa nilijua kwa mkono, kabla ya koleo,
kwa jinsi ulivyozama na kurudi.
Alikuwa na glavu moja. Ya pili hatukuiona,
na mpaka leo najiuliza aliivua ili afanye nini.

Nikageuza skii.
Tulishuka msituni, mmoja anateleza,
mwingine nyuma ya mti anamtazama asimpoteze,
na mwanao hakutamka neno mpaka supu ya shayiri ikapoa.

Sasa lililonikalisha na kalamu hii.
Adhuhuri vijana watatu wa bonde la pili
walipanda palepale, kwa nyayo zetu,
wakapita tulipogeukia,
wakachora mikunjo yao kwenye mteremko ule, wote kwa pamoja,
wakafika chini wakipiga vigelegele.
Hakuna kilichotokea.
Riet aliwaona kwa darubini. Akanipa darubini, akatoka nje.

Mlima hautoi risiti, Aita.
Ukirudi, haukuambii ilikuwa busara au woga mtupu.
Ukivuka, haukuambii ulijua au ulibahatika.
Wale watatu watarudi wiki ijayo wakiamini wamefundishwa,
na mimi siwezi kusema uongo:
nilipowaona wamesimama chini wazima, nilifurahi,
halafu, kidogo, niliona haya.

Theluji ile itakaa pale hadi Mei.
Itayeyuka tone kwa tone, itapita chini ya daraja lako,
nami sitajua kamwe.

Basi mwache anichukie. Anichukie mezani pako,
mdomo umejaa mkate.
Na umwambie kasahau glavu zake huku,
ziko juu ya jiko, zinakauka.
Zote mbili.