Mguu wa Kitanda

Mguu wa kichwani wa kitanda changu, hapa Pasua,
ulivunjika mwaka ule wa mvua nyingi.
Fundi alitaka elfu kumi na tano.
Mimi nilikuwa na riwaya.

Nakala mia tatu, zikinuka wino na deni,
mchapaji alinishushia mlangoni hata risiti hakuandika.
Kumi na tisa zikatosha kuwa mguu.
Zilizobaki nikazisukumia uvunguni,
lakini mteja akija nachomoa ya mguuni,
makusudi,
ili usiku nisikie.

Unene wa kidole tu, na mwili unajua.
Naamka kichwa chini, damu masikioni,
nacheka peke yangu kama aliyerukwa na akili:
kuna mtu Kiborloni ananisoma!

Sicheki mara nyingi.
Mchana nachapa ratiba za mazishi dukani kwa Lyatuu.
"Ameacha mjane, watoto saba, wajukuu kumi na tisa."
Riwaya nzima mstari mmoja,
na mteja ananiharakisha, maiti iko njiani kwenda Rombo.
Siku moja marehemu wangu alikuwa mkavu mno,
tarehe, kipaimara, ajira, pensheni,
nikamwongezea:
*alipenda kupiga mluzi akikata majani ya ng'ombe.*
Nilibuni.
Familia ilisoma palepale kaunta, ikalia.
Mkubwa wao akasema, kweli, mluzi ule.
Sijui mpaka leo ni nani alimdanganya nani.

Usiku, Luku ikiwa na uniti tatu, nakaa na mkata miwa.
Ametoka Arusha Chini, panga begani,
amesimama mlangoni mwa sura ya sita siku arobaini,
haingii, haondoki.
Nimempa chai. Nimempa ugomvi, mwanamke, mvua ya mawe.
Kimya.
Dada yangu anasema mwanaume wa kweli hakungoja hivyo.
Ni sawa. Kiwelu wa benki alingoja wiki mbili,
akauliza, "Hivi unaniandika?"
nikachelewa kujibu, sekunde moja, labda mbili,
akachukua koti lake.
Koti lile lipo ukurasa wa mia na nne.
Bado lina kifungo kimoja kilicholegea.

Halafu Mama.
Hasomi; mjukuu alimsomea jikoni Kibosho,
jioni tisa mfululizo, moshi ukiwatoa machozi wote.
Akaniita.
"Yule mama wa kitabuni, mchoyo wa chumvi. Ni mimi."
Hapana, Mama, ni wa kubuni.
"Ni mimi. Ila hukusema kwa nini."
Akachochea moto, akaniambia kwa nini:
kulikuwa na mtoto kabla yangu,
kulikuwa na usiku wa kuhara na kutapika,
maji yalikuwepo, sukari ilikuwepo, ya kuazima,
na jirani wa karibu alikuwa amefunga mlango.
Miaka thelathini na nane nimekula mkononi mwake,
nikimcheka na kile kikopo chake alichokifunga kwa kitambaa,
na sikuwahi kuuliza.
Ilibidi kwanza niandike vibaya.

Wanaoniuliza kitabu kinalipa nini,
nawaambia mrabaha wa mwaka jana:
gunia la mkaa, na salio nikanunua kandambili.
Lile la jikoni siwaambii.
Wangedhani ninajitetea.

Leo mwanafunzi wa uuguzi amebisha hodi na noti za mia tano,
amezikunja ndogo, amezihesabu mara mbili.
Nimechomoa ya mguuni.
Kitanda kimeguna, kimeinama.
Sasa saa nane usiku, kichwa chini,
nasikia mtu anafuta matope ya buti mlangoni, taratibu,
kama mtu aliyelelewa vizuri.
Sigeuki. Ukiwatazama wanarudi nyuma.

Fundi alipita tena jioni.
Mguu umepanda, elfu ishirini na tano.
Nimemwambia avumilie kidogo,
bado zimebaki mia mbili na sita.