Baada ya «Lakini»

Miaka kumi na tisa nasimama kati ya Kimashi na Kifaransa,
mahakamani Bukavu, juu ya ubao unaolia nikihamisha mguu.
Kazi yangu ni kuvusha maneno.

Nimevusha «Sikuwepo» nyingi:
ya kijana aliyekuwa Uvira siku mbuzi wa paroko alipopotea,
tiketi ya basi kaikunja ndani ya kofia;
ya mwenzake, naye eti alikuwa Uvira,
ila tiketi yake ni ya mwezi ambao haujafika.
Tulicheka. Hakimu naye, nyuma ya kiganja.

Nimevusha «Yeye ndiye alianza»,
na swali linaloifuata kama mbwa:
Alipokwisha anguka, uliendelea?
Hapo wengi hunyamaza,
na ukimya hauna mkalimani.

«Nilidhani ni langu» – jerikani la njano, kisimani, alfajiri.
Sheria huuliza moyo ulidhani nini
kabla mkono haujashika.

Jumanne ile mvua ilipiga mabati.
Mama Cibalonza wa Kadutu akaulizwa:
Ulivunja kufuli la duka la dawa la Murhula?
«Nililivunja.»
Karani akaandika, akaweka nukta.
Niliiona ile nukta. Nyeusi, imeshiba.
Mwendesha mashtaka akaanza kufunga faili.

Nikainua kidole: Hajamaliza.
Anavuta pumzi tu.

«…lakini ilikuwa saa nane usiku,
mtoto amekauka midomo, halii tena,
mto umeondoka na daraja la kwenda hospitali.
Nilibisha kwa Murhula mpaka ngumi ikatoa damu.
Nilichukua chupa moja ya serumu. Moja.
Noti niliziacha chini ya jiwe la mizani.»

Kifaransa kina jina la jambo hilo,
jina refu, lenye tai shingoni.
Wakili kijana alilitamka kama amemeza fimbo.
Mimi niliona misumari tu:
ya mlango, au ya jeneza la shubiri nne,
na mama aliyepewa usiku mmoja achague.

Murhula akaulizwa kama aliziona noti.
Akatazama viatu vyake.
«Niliziona.»

Hukumu wiki ijayo, wakasema. Umeme ukakatika.
Karani alipapasa mezani akitafuta kifutio, akakosa.
Akairudia ile nukta kwa kalamu,
akaivuta mkia mdogo kwenda chini,
ikawa mkato,