Bei ya Mkono

Miaka kumi na mmoja nilihesabu misumari ya mtu.
Misumari kwa kilo, mabati kwa geji,
rangi ya maji, rangi ya mafuta,
na shilingi za Harilal zililala kitabuni mwake
zimenyooka kama watoto wa bweni.
Zilipopungua mbili, sikwenda nyumbani.

Kisha nikarudisha funguo za droo,
nikatangaza mbele ya watu: sasa najitegemea,
anayetaka hesabu zake zikae sawa, aje Nyalenda.
Nikachapisha kadi mia.
Tisini na nane zimo kabatini, chini ya vikombe vya wageni.
Moja aliichukua mchungaji, kwa adabu.
Nyingine mwanangu kaichorea ng'ombe mgongoni.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
niliwaimbia hivyo wateja wa mkopo,
nami mali yangu, hii iliyo kichwani,
sijawahi kuiandika popote.

Kila asubuhi nilikuwa na sababu,
na kila sababu ilikuwa na stakabadhi yake:
kwanza ninunue printa.
Kwanza Okech aitengeneze meza, mguu mmoja ni mfupi.
Kwanza mvua hizi za Aprili ziishe.
Kwanza nipate cheti cha tatu
kikae na vile viwili vinavyopauka ukutani.
Mvua zikaisha. Meza ikatengenezwa.
Nikashinda naisukuma kwa kidole
nione kama bado inacheza.

Leo kaja Truphena Akeyo, wa mitumba, wa Kibuye.
Hakuja na kadi. Alikuja na mfuko wa unga wa kilo mbili,
na ndani yake mwaka mzima:
risiti za marobota, vijikaratasi vya madeni,
ganda la pakiti ya sigara limeandikwa
*Jaber 400, bado.*
"Benki wanataka vitabu," akasema. "Unadai ngapi?"

Unadai ngapi.
Bawaba ya inchi nne naijua bei yake usingizini.
Lakini mkono huu,
jicho hili linaloiona sifuri iliyotoroka
kutoka safu ya tatu,
hivi huuzwa kwa kipimo gani?
Nikatazama dari.
Nikaongeza sukari kwenye chai yenye sukari.
Moyoni zilikuwa elfu sita.
Zilipofika kooni, elfu nne.
Ulimini mbili na mia tano,
na midomo ilipofunguka nikasikia,
"Utakachojaliwa, ma—"

Akanikatiza. Alinitazama
kama anavyoitazama sweta, upande wa mishono.
"Mimi nikimwambia mteja *utakachojaliwa*,
najua lile shati lina tundu kwapani.
Lako lina tundu?"

Sikujibu. Umeme ukapotea,
friji ya jirani ikanyamaza,
na gizani humo, labda kwa kuwa uso wangu haukuwepo,
nikasema: elfu sita.
Sauti ilitoka nyembamba, ina ufa katikati,
lakini tarakimu zote zilikuwemo.

Kimya.
Kisha mfuko wa unga ukachakacha.
"Tano na nusu."
"Tano na mia nane," akasema mtu,
nami nikageuka kidogo kumtafuta.

Taa ziliporudi, malipo ya mwanzo yalikuwa mezani,
noti zinanuka nguo za watu wa mbali,
na meza, naapa, bado inacheza.

Sijui kama wiki ijayo atabisha mwingine.
Kodi ya tarehe tano haijui habari za ujasiri.
Ila usiku huu nimefungua daftari jipya,
na pale juu, nilipozoea kuandika jina la Harilal,
nimeandika Perez Amondi, kwa herufi kubwa,
halafu chini yake: *Mapato*.
Kalamu ikasita.
Sikuisukuma. Niliingoja
kama ninavyomngoja mwanangu kwenye mtaro wa maji machafu,
anapima, anarudi nyuma hatua moja,
anapima tena.